Mtani Hacheki

Canter iliyobeba jeneza la mjomba wangu ilizama mchangani tulipoiacha Maneromango nyuma. Vijana walikata matawi, wakayatandika chini ya magurudumu, wakasukuma. Gari ikasogea hatua chache, ikazama tena. Maziko yalikuwa yamepangwa baada ya adhuhuri. Tulipofika kijijini alasiri ilikuwa imeshasaliwa, na watu waliokaa chini ya miembe tangu asubuhi walinyanyuka kwa shida wakijinyoosha viuno. Kila aliyemjua marehemu alikuwa na jambo moja moyoni, na hakuna aliyethubutu kulitoa. Mjomba hakupata kuwahi mahali popote maisha yake yote. Siku ya ndoa yake shehe alishafunga kitabu na kuvaa viatu ndipo bwana harusi akatokea. Basi la kwenda mjini lilimwacha mara nyingi mno, hata dereva akajizoesha kupiga honi mbili mbele ya nyumba yake, moja ya kumwita na nyingine ya kumuaga. Sasa alikuwa amechelewa kaburini kwake mwenyewe.

Aliyelitoa ni mzee mmoja wa Kinyamwezi, mstaafu wa reli, mkazi wa Pugu, aliyezoeana na mjomba miaka mingi. Alisimama katikati ya njia amevaa koti la marehemu, lile la rangi ya udongo lililopauka mabegani, na redio ya marehemu iko kwapani, antena imechomoza. Gari ikabidi isimame. Akatutazama mmoja mmoja, kidevu juu na jicho moja limefumbwa kidogo, namna ile ile mjomba alivyokuwa akiwatazama watu, kisha akasema kwa sauti ya mjomba kabisa, ile ya puani:

"Haya. Siku moja tu. Siku moja tu katika maisha yangu nimewahi. Tangu saa nne niko hapa, kaburi tayari, maji tayari, na nyie ndio kwanza mnafika?"

Pakawa kimya kidogo. Mjane, aliyekalishwa mbele karibu na dereva, ambaye tangu hospitali hakuwa ametamka neno, akajifunika kanga usoni na mabega yakaanza kumtikisika. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka, na alipokwisha kucheka ndipo akalia kweli, kilio kirefu ambacho kilikuwa kimemkaa kifuani tangu juzi yake, na wanawake wakampokea wakamshusha taratibu.

Mzee yule hakucheka. Alimpa redio mtoto aliyekuwa karibu, akavua koti, akalikunja vizuri, akaenda kushika jeneza upande wa mbele. Hapo ndipo nilipoona kucha zake zimejaa udongo mwekundu na viganja vimechubuka. Yeye na vijana wa kwao ndio waliochimba kaburi tangu alfajiri. Watu wa nyumbani hawakuachiwa kushika jembe.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mimi kwa upande wa mama ni Mzaramo, kwa hiyo niliyaona mambo haya tangu utotoni bila kuyatazama. Tangu siku ile nimeyatazama. Watu wetu husema "utani tu" na kuliacha jambo hapo. Kwangu mimi ni ufundi kamili, na mali ghafi yake ni mikosi ya binadamu: gari iliyokwama, mvua iliyoangukia harusi, jogoo aliyewika katikati ya hotuba, watu wawili waliokimbiana miaka kumi wakakutanishwa na kiti kimoja cha basi. Mambo haya humtokea kila mtu, na mengi hupotea hivi hivi. Mtu akiyaokota vibaya huumiza. Akiyaokota vizuri, mjane hupata pumzi.

Tazama kwanza alichokiacha. Mjomba alikufa na madeni, na yule mzee aliyajua. Alikuwa na mtoto wa nje ambaye hakuja msibani, na sababu yake kijiji kizima kilikuwa nayo. Ugonjwa ulimkondesha mpaka saa ikawa inamvuka kiwiko. Hayo yote yalikuwa mkononi mwa mtani, na kwa sheria ya utani hakuna ambaye angemshitaki kwa kuyasema. Hakuyagusa. Alichukua uchelewaji, kasoro ambayo mjomba mwenyewe aliisimulia akiicheka kila alipopata wasikilizaji, na ambayo haikuwahi kumwibia mtu chochote zaidi ya muda. Mtani hodari hutania pale ambapo mwenyewe ameshapachekea. Asiye hodari hukimbilia kidonda, akadhani kimya cha watu ni kustaajabia ujasiri wake.

Kisha tazama wakati. Usiku wa kuamkia maziko, nilikuja kuambiwa, alikuwa ameshajaribu kidogo. Wanawake walipokuwa wakichambua mchele alipita akauliza iwapo marehemu ameagiza abakiziwe ukoko, maana ndiyo sehemu yake, wenzake huwa wameshakula. Mmoja akaguna, mmoja akatabasamu, dada wa marehemu hakuinua uso. Basi akanyamaza, akaenda kupasua kuni. Alikuwa anapima. Kesho yake aliposimama njiani alikuwa na hakika ya nani yuko tayari na nani bado, na alijua kwamba hasira za watu kwa ile Canter zingehitaji pa kwenda.

Na jambo la tatu ndilo gumu kuliko yote. Hakulitaja gari. Hakusema kuwa marehemu amechelewa mpaka mwisho, maneno ambayo kila mmoja wetu alikuwa nayo kichwani na ambayo mchekeshaji wa kawaida angeyashika kwa mikono miwili. Aliupindua mkasa: marehemu amewahi, sisi ndio wachelewaji. Ile sadfa ya kuchelewa kaburini aliiacha pale pale ilipokuwa, kila mtu akaifikia mwenyewe kwa njia yake. Hata uso wake ulikuwa wa mtu aliyeudhika kwelikweli kwa kusubirishwa. Mtani hacheki. Akicheka amejichukulia sehemu ya watu.

Baadaye, kabla ya mwili kushushwa, alikaa ukingoni mwa kaburi akaning'iniza miguu ndani na kukataa kuondoka mpaka alipwe kiingilio. Noti zikatolewa huku watu wakilalamika kwa sauti, akazihesabu polepole, akamtuma mtoto azipeleke kwa mjane. Imamu alisubiri, na kwa uso wake ulivyokuwa sidhani kama jambo lile lilimkera.

Wazee hueleza asili ya utani huu kwa njia ya misafara, na sioni sababu ya kubishana nao. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walitoka Unyanyembe na kwingineko wakibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, mzigo wa mtu mmoja ukikaribia frasila mbili, safari ya miezi. Walipita Ugogo, Usagara, Ukwere, Uzaramo. Mtu akiugua njiani, nani atamuuguza? Akifa, nani atamfukia, na msafara hauwezi kusubiri? Safari kama ile ina mikosi yake pia: mzigo umeanguka mtoni, nyuki wamewavamia, kiongozi wa msafara amelewa pombe ya watu na kuamka amekabidhi ngoma ya msafara kwa wenyeji. Ukizikwa na mtu, ukalishwa na mtu, naye akakucheka kwa ngoma yako uliyoipoteza, mmekuwa kitu ambacho si udugu wala si urafiki. Kwingine utani ulizaliwa na vita. Wangoni na Wahehe walipigana vikali katika karne hiyo hiyo, na wajukuu wa waliouana wakaishia kunyang'anyana kuku harusini na kuchimbiana makaburi. Sijui jamii nyingi zilizopata njia bora zaidi ya kumaliza vita.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ikafa, lakini utani ulipanda treni. Ukashuka kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, ukaingia bandarini Dar es Salaam, mahali palipojaa watu waliokuwa mbali na kwao na waliohitaji wa kuwazika. Mmoja wa watu wa kwanza kuandika juu yake kwa urefu alikuwa mtaalamu wa ndege. R. E. Moreau aliishi Amani, milimani Usambara, akiwachunguza ndege wa misitu ile, na katika miaka ya 1940 akachapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika ambazo wanazuoni bado wanazirejea. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba ilikuwa hivyo. Aliyezoea kukaa kimya msituni akisikiliza ndege ndiye aliyesikia kuwa makuli na wabeba mizigo wanatukanana kwa mpangilio. Miaka ya 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya mwalimu wao Stephen Lucas, walizunguka mikoani wakakusanya habari nyingi zaidi, kabila kwa kabila. Wametusaidia sana kwa upande wa nani humtania nani. Namna ya kutania haikai kwenye karatasi.

Namna ile mimi niliiona kwa bibi, mama yake huyo huyo mjomba. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, kwa hiyo mimi nilikuwa mume wake, na mume asiyefaa: sina shamba, sina meno ya mbele, nalala kabla ya chakula. Jioni alitandika mkeka nje, akachukua ukili wake akawa anasuka, na kisa tulichokiomba kuliko vyote kilikuwa cha makatambuga ya babu.

Kilitokea mwaka 1983. Waliokuwepo wanaukumbuka mwaka ule. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha na kutuachia ufukara; sabuni, sukari na mafuta vilipatikana kwa foleni, na vingine kwa ulanguzi. Edward Sokoine, Waziri Mkuu, akaongoza msako wa wahujumu uchumi, na kwa hofu watu wakawa wanatupa bidhaa usiku, mitoni na maporini. Babu yangu alikuwa na katoni moja ya sabuni ya miche. Hakuwa mlanguzi wa maana. Alikuwa mkulima wa korosho aliyeona mche mmoja mmoja ungemlipia karo. Habari zikaja kwamba mgambo wameonekana kijiji cha pili.

Bibi hakuwa akianzia hapo. Alianzia kwenye makatambuga. Alieleza yalivyokatwa kutoka tairi la lori huko Kariakoo, babu alivyomsimamia fundi akimpima mguu mara mbili, alivyoyapaka mafuta ya nazi sikukuu, na alivyotembea nayo akiyasikiliza. Sisi watoto tulitaka mgambo, tulitaka usiku, naye alitunyima. Mpaka anafika kwenye katoni, tulikuwa tunayaona makatambuga yale mbele yetu na tunajua kwamba mtu anayependa kiatu namna hiyo ana jambo litakalompata.

Basi usiku usio na mwezi babu akajitwisha katoni, akapita nyuma ya mikorosho mpaka kwenye kichuguu kikubwa karibu na mbuyu. Jirani yetu, fundi baiskeli, Mnyamwezi aliyekuja kwa mkonge akahamia Uzaramo, alikuwa na nusu gunia la sukari na hofu ile ile. Naye kati ya vichaka vyote vya nchi hii alikuwa amechagua kichuguu kile, saa ile, akija kwa upande wa pili. Wakatua mizigo kwa pamoja. Kila mmoja akasikia kishindo cha mwenzake akajua amekamatwa.

"Si yangu!" babu akapiga kelele.

"Hata mimi si yangu!" likajibu giza, na wote wawili wakatimka.

Katika kukimbia babu alipoteza katambuga la kulia, jirani akapoteza la kushoto. Wakajificha hadi mapigo ya moyo yakatulia. Kisha, kwa kuwa kiatu ni kiatu, kila mmoja akarudi akinyata peke yake, akapapasa chini, mguu ukakutana na mpira, akavaa akaondoka. Mvua ikanyesha mpaka asubuhi.

"Alfajiri," bibi alikuwa akisema, na hapo hushusha ukili magotini, "babu yako akatoka kwenda msikitini. Namtazama. Naona anaelekea kisimani."

Angekoma hapo. Hakupata hata siku moja kutamka kuwa babu alivaa miguu miwili ya kushoto. Tulilazimika kuifikia wenyewe, mdogo wetu akiwa wa mwisho, na alipoifikia yeye ndipo tulipoanguka wote. Kisha bibi akaendelea na msikiti, jinsi watu wawili walivyokutana mlangoni, mmoja akivutwa kushoto na mwingine akivutwa kulia, wakatazamana chini, wakatazamana usoni, wakaingia kuswali bila kusalimiana. Ilikuwa hivyo siku nyingi. Sukari iliyeyuka, sabuni ikawa uji, na kichuguu kilitoa povu kila mvua iliponyesha msimu ule wote.

Babu alikuwa akisikiliza kutoka kwenye kiti chake. Bibi hakukisimulia kisa kile hata mara moja bila yeye kuwepo, wala mbele ya wageni asiowaridhia. Mara nyingine babu alisahihisha: "Haikujaa ile katoni, ilikuwa imeshatolewa miche." Lilikuwa neno lake la ruhusa. Na katikati ya kicheko, bibi alipita kwa sentensi moja juu ya mtu wa kijiji cha pili aliyechukuliwa usiku huo huo na hakurudi mpaka mtoto wake akawa anatembea. Aliipitia haraka, na hakuitoa. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwamba kisa kizima kilikaa juu ya sentensi ile. Walikuwa wameogopa sana. Bibi alichukua hofu ya mumewe, akaiweka miguuni ambako inaweza kuchekwa, akamrudishia heshima yake mbele ya wajukuu. Yule jirani naye, kwa kuwa alikuwa mtani halali, alikuja kila shughuli ya nyumbani kwetu kudai katambuga lake la kushoto, na kila mara akaondoka na kuku.

Tumekuwa na mafundi wa jambo hili hata nje ya misiba na mikeka. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru na taifa likajiona. Radio Tanzania ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, na ilipofika saa yao mitaa ilitulia. Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, alifanya kazi hiyo mpaka maradhi yalipomzidi na kufariki mwezi Agosti 2018, na anayemtazama leo katika filamu zake aangalie macho yake pale mkosi unapomfika. Hakumdharau mtu anayemwigiza. Alimpa hadhi kwanza, ndipo akamwangusha, na akaanguka naye.

Sasa tumefika wapi? Mvua za masika zikijaza Jangwani, mtu akiteleza kwenye tope na mzigo wake, simu zinatoka mifukoni kabla ya mkono hata mmoja. Kufika jioni ameshaonwa na maelfu, kuna aliyemwekea muziki, kuna aliyemrudisha nyuma aanguke tena na tena. Hawamjui jina. Hawajui ndani ya ule mzigo mlikuwa na nini. Wanaita utani. Utani uliokuwa wetu ulikuwa na deni ndani yake: aliyekucheka leo ndiye atakayekunyoa kichwa ukifiwa, atakayekuchotea maji, atakayeamka alfajiri kushika jembe. Kwa sababu ya kazi hiyo alipewa uhuru wa ulimi, na kwa sababu ya uhuru huo wa ulimi hakuweza kuikimbia kazi. Tumekata kitu hicho katikati, tukabaki na ulimi.

Linaniuma zaidi kuwasikia mashabiki. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba 1936, na magazeti hayachoki kuziita watani wa jadi. Nimekulia kwenye baraza ambalo wazee wa pande zote mbili walinywa kahawa kwenye vikombe vilivyozunguka, na aliyefungwa Jumamosi alijua kuwa Jumapili atakuta kiti chake kimewekewa tambara jeusi, na atakaa juu yake, na atanunuliwa kahawa na hao hao waliokiweka. Siku hizi ukifungua simu baada ya mechi unakuta mama za watu, maradhi ya watu, watoto wa watu. Vijana wanaoandika hayo si wabaya. Hawakuketi na mtu wa kuwaonyesha mpaka uko wapi. Shule za bweni na kambi za JKT zilipowachanganya baba zao, walifundishana utani kwa siku chache tu: huyu Mpare, yule Mchaga, haya, anzeni. Leo ukimwuliza kijana wa mjini watani wa kwao ni akina nani atakutajia timu.

Na misiba yenyewe imebadilika. Hivi karibuni tulimzika mwenzetu wa kazini, Mngoni, mtu wa visa vingi. Kulikuwa na turubai, viti vyenye vitambaa, wapishi wa kukodi, sare ya familia, na mshereheshaji mwenye kipaza sauti aliyesoma ratiba tangu mwanzo hadi mwisho bila kumjua marehemu. Mzee mmoja wa Kisukuma, mtani wake, alifika mapema, akasalimia, akachukua viatu vya kaka wa marehemu vilivyokuwa mlangoni akavikalia, akatangaza kuwa havitoki bila fidia. Kijana wa kamati akamwendea kwa adabu akamwomba avirudishe, kwa kuwa familia iko kwenye majonzi. Mzee akamtazama kwa muda. Akavirudisha. Akauliza jembe liko wapi ili akasaidie makaburini, akajibiwa kwamba wachimbaji wameshalipwa.

Nilimfuata nje shughuli ilipokwisha. Alikuwa anasubiri bodaboda yake igeuze, na nilipomwambia kwamba mimi ni mjukuu wa Wazaramo nimekua na watani, uso ukamfunguka. Alimjua marehemu tangu wote wakiwa vijana, watumishi wa serikali huko Lindi. Akanisimulia marehemu alivyokuwa na mkuu wa idara aliyemtesa, akaomba uhamisho mwaka mzima, akaandika barua, akasingizia pumu, akapata cheti, mpaka akahamishiwa Dar es Salaam. Akafanya sherehe ya kuagwa, akachinja mbuzi wawili kwa furaha. Jumatatu anaripoti ofisi mpya, amevaa tai, anabisha hodi, anaambiwa ingia, na anayemkaribisha kutoka nyuma ya meza ni yule yule. Naye alikuwa ameomba uhamisho mwaka mzima, kwa siri, kwa cheti cha pumu.

"Kumkimbia nani?" nikauliza.

Mzee hakucheka. "Sasa wewe mjukuu wangu, mimi nitajuaje? Muulize huyo mliyemzika." Dereva wa bodaboda, ambaye hakumjua marehemu wala sisi, alikuwa ameshazima pikipiki akiomba asimuliwe wale wawili walisalimiana vipi, na ndani ya turubai sauti ya kipaza ilikuwa inawatangazia wafiwa kwamba chakula kiko tayari, waanze kwa meza.